Makunduchi na Moga: dawa ileile, vyoo tofauti

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walipopima damu za watu wa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, walikuta asilimia 49 wana vitoto vya minyoo ya matende ndani ya damu. Karibu nusu ya waliopimwa. Ikafanyika kampeni moja ya dawa kwa mji mzima, na katika miaka mitano iliyofuata kiwango hicho kikashuka, kikashuka tena, hadi asilimia 3. Katika mji mdogo mwingine, Moga, watu walipewa dawa ileile. Maambukizi yalishuka huko pia, lakini kati ya mwaka wa tatu na wa sita baada ya kampeni vitoto vya minyoo vilianza kurudi kwenye damu. Makunduchi kulikuwa na jambo moja ambalo Moga halikufanywa: vyoo vya shimo na makaro yenye maji yalimwagiwa punje nyeupe nyepesi za polistarini ili mbu wasipate pa kuzaliana.

Kisa hiki ni cha zamani na siku hizi hakisimuliwi sana. Kwangu mimi ndicho chenye mafunzo makubwa kuliko vyote tulivyonavyo pwani, maana kinagusa swali lililo mezani kwa wilaya nyingi sasa hivi. Tumemeza vidonge mwaka baada ya mwaka, kiwango kimeshuka. Je, tukiacha kugawa dawa, kitabaki chini?

Nusu ya watu, na wengi wao wazima

Anayesikia asilimia 49 anaweza kuona kichwani mwake mji uliojaa watu wenye miguu iliyovimba. Ugonjwa huu hauendi hivyo. Minyoo yenyewe, Wuchereria bancrofti, hukaa ndani ya mishipa ya limfu, ile inayopitisha majimaji ya mwili. Jike hufikia sentimita 8 hadi 10, dume karibu sentimita 4, na Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huishi miaka sita hadi minane. Muda wote huo jike huzaa vitoto kwa mamilioni, navyo huingia kwenye damu. Mtu anaweza kuwa navyo miaka mingi, analima, anavua, anacheza ngoma, asijue lolote. Kinachoharibika ni mishipa ya limfu, taratibu, na uharibifu ukifika mbali ndipo bakteria wanapopenya kwenye nyufa za vidole au kidonda kidogo cha unyayo. Hapo huja homa, mtoki kwenye kinena, mguu kujaa na kuwaka moto kwa siku kadhaa, kisha kupoa. Mashambulizi hayo yakirudiarudia, mguu hauteremki tena kama zamani. Kwa wanaume wa pwani yetu, sura inayoonekana zaidi si mguu bali ni busha.

Kwa hiyo kuna hesabu mbili tofauti za matende kijijini. Wanakijiji huhesabu wanachokiona: mzee fulani mwenye mguu, fulani mwenye busha. Mtafiti huhesabu damu. Hesabu ya kwanza husimulia maambukizi ya miaka kumi na zaidi iliyopita. Ya pili husimulia ya leo. Kijiji kinaweza kuwa na wagonjwa wengi wa miguu ilhali maambukizi mapya yamekwisha, na kijiji kingine kikawa na wagonjwa wachache huku damu za vijana wake zimejaa. Nimewasikia watu wazima, wenye elimu yao, wakisema "kwetu matende yamekwisha, sikuhizi huwaoni," kana kwamba macho yanaweza kuona ndani ya mshipa.

Hata upimaji wa damu una masharti yake. Vitoto vya minyoo hii hujitokeza kwenye damu ya pembeni usiku, kati ya saa nne na saa nane, wakati uleule ambao mbu anayewasambaza hung'ata. Mchana hujificha kwenye mapafu. Ukipima saa nne asubuhi utaandika kwamba kijiji ni salama. Ndiyo maana takwimu kama ile ya Makunduchi hupatikana kwa kubisha hodi gizani na kuomba tone la damu, na katika pwani ambako hadithi za mumiani hazijafa kabisa, anayekuja usiku na kichomeo cha kidole lazima awe ametangulizwa na mtu anayeaminika. Leo kuna kipimo cha kadi kinachoweza kutumika mchana, kwa sababu kinatafuta dalili za mnyoo mkubwa wala si vitoto vyake. Ni msaada mkubwa, lakini asilimia za kadi na asilimia za damu ya usiku hazipimi kitu kimoja. Anayezilinganisha moja kwa moja, akasema wilaya imepanda au imeshuka, anakosea.

Ming'ato elfu ishirini na tano

Mbu aliyekuwa akiwasambazia watu wa Makunduchi minyoo hii ni Culex quinquefasciatus, mbu wa nyumbani mwenye rangi ya kahawia, yule anayeimba sikioni usiku. Hapendi maji safi. Anapenda maji machafu yaliyotulia: choo cha shimo kilichofikia maji, karo lililopasuka mfuniko, mtaro ulioziba. Vijijini mwetu mbu wa malaria, Anopheles, naye hueneza matende, lakini mahali penye vyoo vingi vya maji Culex ndiye mkubwa wao.

Kipimo kilichofanywa kabla ya punje kilionesha kwamba mkazi mmoja wa Makunduchi alikuwa anang'atwa na mbu hawa mara 25,000 hivi kwa mwaka. Gawanya kwa siku za mwaka: karibu mara 70 kila usiku. Baada ya mashimo kutibiwa, idadi hiyo ilishuka hadi mia nne na kitu kwa mwaka, yaani kidogo zaidi ya mng'ato mmoja kwa usiku.

Ili mtu aone ukubwa wa jambo hili, ajue jinsi mnyoo huyu anavyohangaika kufika mwilini. Mbu akinyonya damu yenye vitoto, havizaani ndani yake. Hukua tu hadi kuwa mabuu, kwa siku kumi hadi kumi na nne, na wengi wa mbu hao hufa kabla siku hazijatimia. Mbu aliyebaki hai naye hamchomi mtu mnyoo kama sindano; mabuu hutoka mdomoni mwake, huangukia kwenye ngozi, na lazima yapenye kupitia tundu la mng'ato kabla hayajakauka. Likipenya, buu moja huwa mnyoo mmoja, si zaidi. Ili kuwe na vitoto kwenye damu lazima dume na jike wakutane katika mwili uleule. Utafiti uliofanyika Rangoon katika miaka ya 1960 ulikadiria kwamba kwa wastani huhitajika ming'ato 15,500 ya mbu wenye mabuu yaliyokomaa ili mtu mmoja apate maambukizi yanayoonekana kwenye damu. Ndiyo maana mgeni wa wiki mbili haondoki pwani na matende, na ndiyo maana mtoto aliyezaliwa na kukulia hapo, akang'atwa kila usiku wa maisha yake, anayapata.

Naona hapa ndipo wengi wanapokosa kuuona ugonjwa huu. Malaria humpata mtu kwa mng'ato mmoja wa bahati mbaya. Matende humpata kwa wingi wa ming'ato. Punguza wingi huo mara hamsini na zaidi, kama ilivyokuwa Makunduchi, na mnyoo hushindwa kujaza nafasi za wenzake wanaokufa.

Punje

Wazo la kutumia polistarini lilifanyiwa kazi na watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, akiwemo Christopher Curtis na Caroline Maxwell, pamoja na wataalamu wa Zanzibar. Ni plastiki ileile inayofungiwa televisheni ndani ya boksi, ila hapa huja ikiwa chembe ndogo ngumu, kisha hupashwa moto kwa maji ya kuchemka au mvuke hadi zivimbe na kuwa punje za milimita mbili hivi. Humiminwa shimoni, zikaelea na kufanya tandiko juu ya maji. Kinyesi na maji hupita katikati, punje hurudi zikajifunga. Mbu jike hapati maji ya kutagia. Viluwiluwi vilivyokuwamo tayari hukosa hewa, maana lazima vipande juu kupumua.

Hakuna sumu ndani yake, kwa hiyo hakuna mbu anayeizoea. Haiozi, kwa hiyo haihitaji kurudiwa kila wiki. Mashimo yakitibiwa mara moja yanaweza kubaki yametibiwa kwa miaka. Kwa halmashauri isiyo na gari la uhakika wala bajeti ya kila mwezi, hiyo ni sifa kubwa kuliko hata nguvu yake ya kuua viluwiluwi.

Makunduchi ilifaa kwa kazi hii. Ardhi ya kusini ya Unguja ni maweni, jiwe la matumbawe, na mvua ikinyesha maji huzama. Hakuna mito ya juu wala mabwawa mengi ya kudumu. Mbu anayetaka maji machafu yaliyotulia hana pengi pa kwenda zaidi ya vyoo na makaro. Mazalia yakiwa machache na yanajulikana, watu wachache wenye orodha nzuri ya nyumba wanaweza kuyafikia yote. Na mji wenyewe ulikuwa wa watu takriban 12,000, si laki.

Kuna jambo ambalo linanisumbua kila ninapofikiria vyoo hivi. Kwa miongo mingi tumewahimiza watu wa vijijini wachimbe vyoo, na tulikuwa na haki: kipindupindu na kuhara vimeua watoto wetu wengi. Lakini choo kilichochimbwa hadi kikafikia maji, kikaachwa na tundu wazi na nyufa kwenye sakafu, kinamlea Culex. Haimaanishi watu warudi vichakani. Inamaanisha kwamba bwana afya anayekagua choo na kuandika "kipo" ameandika nusu ya habari. Angeandika pia kama kina maji, kama tundu lina kifuniko, na kama bomba la hewa lina wavu juu.

Kilichotokea Moga

Dawa iliyotumika katika miji yote miwili ilikuwa dayethilikabamazini, DEC kwa kifupi. Inafagia vitoto vya minyoo kwenye damu kwa haraka, na inaua sehemu ya minyoo mikubwa, si yote. Anayeimeza akiwa na vitoto vingi anaweza kupata homa, kichwa na uchovu kwa siku moja mbili, kwa sababu vitoto vinakufa kwa pamoja. Wanaume wengine husikia maumivu au uvimbe kwenye korodani, ambako minyoo mikubwa hupenda kukaa. Hapo ndipo uvumi wa pwani unapopata chakula chake: dawa inamaliza nguvu za kiume, dawa ni ya kufunga uzazi. Mgawaji aliyemweleza mtu mapema kwamba homa ile ni dalili ya dawa kufanya kazi, na akarudi kesho yake kumjulia hali, huzima uvumi kabla haujatoka mlangoni. Asiyerudi huukuta umemtangulia mtaa wa pili.

Baada ya kampeni kama hii, minyoo iliyonusurika hubaki mwilini. Wapo ambao hawakumeza: mjamzito, mgonjwa, aliyekuwa baharini, aliyekataa. Moga hawa wote waliendelea kung'atwa kama zamani. Mbu waliendelea kuchukua vitoto vichache vilivyobaki na kuvipeleka kwa wengine, na watu waliosafishwa damu wakapata minyoo mipya juu ya iliyonusurika. Mwaka wa kwanza na wa pili hilo halionekani, kwa sababu buu linalopenya leo linahitaji miezi hadi likomae na kuzaa. Kuanzia mwaka wa tatu, linaonekana.

Makunduchi minyoo iliyonusurika ilikuwapo vilevile. Dawa ya kampeni moja haiwezi kuimaliza yote, na hakukuwa na kampeni ya pili iliyobeba matokeo hayo. Tofauti ni kwamba minyoo ilizeeka bila kupata wa kuirithi. Kila mwaka baadhi ikafa, na mbu wakawa wachache mno kuleta mingine. Kushuka kule kwa hatua, mwaka hata mwaka, ndiko kunakonifanya niamini kwamba punje zilikuwa na sehemu yake. Dawa peke yake hushusha kwa ghafla kisha ikaachia. Kinachoshusha polepole kwa miaka mitano ni kifo cha minyoo kwa uzee.

Sitaki kukibebesha kisa hiki zaidi ya kinavyoweza. Miji miwili ni miwili tu. Mji mmoja ukilinganishwa na mwingine, yapo mambo mengi yanayoweza kutofautiana hata kama hakuna aliyeyapanga: nyumba, upepo, safari za watu, utiifu wa kumeza dawa. Ushahidi wa namna hii ungekuwa dhaifu kama ungesimama peke yake. Hausimami peke yake. Unakubaliana na tunachokijua kuhusu maisha ya mnyoo, na vijijini Tamil Nadu, kusini mwa India, watafiti walilinganisha vijiji vilivyopewa dawa tupu na vijiji vilivyopewa dawa pamoja na udhibiti wa mbu, ukiwemo wa punje hizihizi, wakaona vilevile kwamba faida ya dawa hudumu zaidi pale mbu wanapodhibitiwa.

Mjini mambo yalikuwa mengine

Watafiti walikwenda pia mji wa Zanzibar, na hapa nawaheshimu kwa kusema walichokikuta bila kukipamba. Walitibu vyoo na makaro 3,844 yenye maji. Mbu ndani ya nyumba walipungua kwa asilimia 65 hivi. Wakajaribu kuongeza, katika sehemu moja ya mji, dawa ya bakteria aitwaye Bacillus sphaericus kwenye mitaro ya wazi na vinamasi. Nyongeza hiyo haikuleta upungufu wa maana kuliko sehemu iliyotibiwa mashimo peke yake. Wakahitimisha kwamba gharama na jasho la kupata asilimia 65 havingeweza kutetewa kwa ajili ya matende pekee.

Wengi husoma hitimisho hilo wakafunga faili: punje zilifaa Makunduchi, mjini hazikufaa, basi. Mimi nasoma pia walichoongeza, kwamba kupungua kwa kero ya mbu kungeweza kuwavuta wananchi waunge mkono mradi mzima. Hilo si jambo la pembeni. Mwananchi haoni minyoo. Haoni asilimia. Anachokiona ni kidonge anachoombwa ameze akiwa mzima, kwa ajili ya ugonjwa ambao kwa maoni ya majirani zake unaletwa na madafu, au baridi, au mkono wa mtu. Lakini kila mtu anajua kama jana usiku alilala. Mradi unaokuja na usiku wenye utulivu mkononi husikilizwa unapoomba watu wameze dawa. Katika miaka ya 2000 Zanzibar ilipopiga dawa majumbani na kugawa vyandarua dhidi ya malaria, aliyelengwa na kazi hiyo alikuwa Anopheles. Mbu wa chooni akaendelea kuimba, na mwenye nyumba akaendelea kusema dawa ya serikali haifanyi kazi.

Asilimia 65 kwa mtu anayeng'atwa mara 70 ni kubaki na mara 25. Huenda haitoshi kuzima matende. Inatosha mtu kuikumbuka.

Kisiwa kizima kinameza

Mwaka 1997 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kuutokomeza ugonjwa huu, na mpango wa dunia ukaanza mwaka 2000, wakati ambapo watu takriban milioni 120 walikadiriwa kuambukizwa. Kampuni mbili zilikuwa zimeahidi dawa bure: GlaxoSmithKline ikatoa albendazoli, Merck ivamektini. Tanzania bara ilianzia kisiwa cha Mafia mwaka 2000. Zanzibar mwaka 2001 ilifanya kilicho kigumu zaidi: Unguja na Pemba zote kwa pamoja, nyumba kwa nyumba, kila mwaka, masheha wakihimiza na wagawaji wa mtaani wakipima urefu wa watu kwa kijiti ili kujua idadi ya vidonge. Katika vituo vya uangalizi, kikiwemo Kizimkazi, jirani wa Makunduchi, vitoto vya minyoo havikuonekana tena kwenye damu baada ya duru tano. Zanzibar ilisifiwa kama mfano wa kuigwa, na ilistahili.

Dawa zikasimamishwa. Baadaye uchunguzi ukaonesha kwamba maambukizi hayakuwa yamekatika, na ugawaji ukabidi kurudishwa.

Zipo sababu zaidi ya moja. Wapo ambao hawajawahi kumeza hata mara moja katika duru zote, na hao ni hazina ya mnyoo. Lakini ipo sababu inayohusu mbu mwenyewe, nayo haizungumzwi inavyopaswa. Anopheles akinyonya damu yenye vitoto vichache sana, karibu vyote huharibika ndani yake. Dawa ikishusha vitoto vya kutosha, uenezaji wake huporomoka wenyewe. Culex si hivyo. Yeye huweza kulea hata vitoto vichache hadi vikakomaa. Kile kiasi kidogo kinachobaki baada ya duru tano, ambacho kwa Anopheles kingekuwa mwisho wa safari, kwa Culex bado ni mtaji. Malawi na Togo, zilizothibitishwa kuutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii, Togo mwaka 2017 na Malawi mwaka 2020, ni nchi ambazo msambazaji wao mkuu ni Anopheles. Pwani ya Tanzania na Kenya, na visiwa vyetu, tuna Culex mlangoni. Sheria ileile ya kugawa dawa duru tano, kila duru asilimia 65 ya watu wakimeza, haiwezi kuwa na uzito uleule kote.

Kenya mwaka 2018 ilikuwa ya kwanza barani kugawa dawa tatu kwa pamoja, ivamektini, DEC na albendazoli, Lamu na Jomvu. Muungano huo unapiga vitoto kwa nguvu na kwa muda mrefu zaidi. Nafurahi sana kuuona pwani. Hata hivyo shimo la choo la Jomvu halijui ni dawa ngapi zimemezwa.

Kwa wilaya inayotaka kuacha dawa

Sisemi twende tukanunue polistarini malori kwa malori. Tangu miaka ile tumejifunza mengi kuhusu plastiki. Punje zinazoelea hutoka shimo likifurika, na Unguja kila kinachotoka shimoni mwisho wake ni pwani, kwenye mwani na samaki. Shimo likinyonywa na gari la maji taka, punje huondoka pia. Palipo na mafuriko ya kila masika nisingezitumia. Kwenye shimo lililo juu, lenye kuta imara, lisilofurika, bado naziona kuwa halali, kwa idadi inayojulikana na kwa mwenye nyumba aliyeelezwa. Pengine pote kuna kazi za fundi wa kawaida: kuziba nyufa za sakafu ya choo kwa saruji, kifuniko kinachokaa sawasawa kwenye tundu, wavu juu ya bomba la hewa, mfuniko mzima wa karo. Na vyoo vipya visichimbwe hadi majini, jambo ambalo linamlinda pia jirani mwenye kisima.

Wagonjwa wa zamani wasisahaulike katika furaha ya kushuka kwa takwimu. Makunduchi ilipofika asilimia 3, aliyekuwa na busha mwaka ule wa asilimia 49 bado alikuwa nalo, na kidonge hakiondoi busha. Hilo linahitaji upasuaji, ambao kwa daktari aliyefundishwa si mkubwa, na kambi za upasuaji wa bure zilizofanyika mikoa ya pwani zimeonesha jinsi wanaume wanavyojitokeza kwa wingi pale aibu inapoondolewa. Mwenye mguu anahitaji sabuni, maji, kitambaa cha kukausha katikati ya vidole, dawa ya fangasi, kuinua mguu anapokaa, viatu visivyombana, na mtu wa kumfundisha haya nyumbani kwake. Ukifanyiwa hivyo kila siku, mguu hupunguza mashambulizi ya homa kwa kiasi ambacho mgonjwa mwenyewe hushangaa. Orodha ya wagonjwa hawa ingepaswa kukaa kwenye daftari lilelile la mgawaji wa dawa, kwa sababu ndiye pekee anayeingia kila nyumba.

Na katika daftari hilohilo ningeongeza safu moja: shimo la nyumba hii lina maji au halina, limefunikwa au liko wazi. Kabla wilaya yenye Culex haijasimamisha dawa, matokeo ya vipimo vya damu vya watoto wa skuli yasomwe pamoja na safu hiyo, shehia kwa shehia. Shehia yenye damu safi na mashimo makavu iachwe ipumzike. Shehia yenye damu safi na mashimo mia mbili yenye maji ipimwe tena mapema, maana iko katika hali ya Moga mwaka wa pili. Hesabu ya mashimo ifanywe mwishoni mwa masika, mwezi wa tano, maji yakiwa juu. Ikifanywa kiangazi, vyoo vingi vinavyozalisha mbu vitaandikwa kuwa vikavu.